James Taylor: Mwajiriwa aliyeipa Ceylon chai yake

Mwaka 1873 mjini London ulipokewa mzigo mdogo wa chai kutoka kisiwa cha Ceylon, nchi ambayo leo inaitwa Sri Lanka. Uzito wake ulikuwa ratili 23, yaani kilo kumi na kidogo, mzigo ambao kijana mmoja angeuweka begani na kutembea nao bila kutoka jasho. Miaka 17 baadaye, mwaka 1890, kisiwa hicho hicho kilitoa karibu tani 23,000. Chai ile ya mwanzo ilitoka katika shamba la Loolecondera, milimani kusini-mashariki mwa mji wa Kandy, na aliyesimamia upandaji, uchumaji na usindikaji wake alikuwa Mskoti mmoja mwenye ndevu ndefu, James Taylor.

Wasomaji wetu wengi wanalijua jina la Thomas Lipton, maana limeandikwa kwenye pakiti za chai katika maduka ya kila mtaa. Taylor hana pakiti. Hakumiliki shamba, hakuwa na meli wala duka, na hadi siku aliyofariki alikuwa mtu wa mshahara. Hata hivyo, ukifuatilia maisha yake unaiona vizuri zaidi kuliko katika takwimu za mauzo namna nchi ilivyobadili zao lake kuu katika muda wa miaka 20 hivi, na ni mabega ya nani yaliyoubeba mzigo wa mabadiliko hayo.

Mkataba wa pauni mia moja

Taylor alizaliwa Machi 29, 1835 katika nyumba ndogo iliyoitwa Mosspark, jirani na kijiji cha Auchenblae, kaskazini-mashariki mwa Scotland. Baba yake, Michael, alikuwa fundi wa kutengeneza magurudumu ya mikokoteni. Mama yake alifariki James akiwa na umri wa miaka tisa tu, na baba akaoa tena. Mtoto huyo alikuwa mzuri darasani, kiasi kwamba alipofika miaka 14 alikuwa tayari anawasaidia walimu kufundisha wenzake. Lakini kwa mtoto wa fundi, mwenye wadogo kadhaa nyuma yake, elimu ile isingemfikisha mbali.

Wakati huo Ceylon ilikuwa inanukia pesa. Vijana wengi wa Scotland walikuwa wakienda kule kusimamia mashamba ya kahawa, na ndugu mmoja wa upande wa mama yake alikuwa ametangulia. Kupitia kwake Taylor alipata mkataba wa miaka mitatu kama msimamizi msaidizi kwa mshahara wa pauni 100 kwa mwaka. Mwezi Oktoba 1851 alipanda meli pamoja na binamu yake, Henry Stiven, na Februari 1852 wakatia nanga Colombo. Alikuwa na umri wa miaka 16. Hakurudi tena nyumbani kwao hata mara moja, ingawa aliendelea kumwandikia baba yake barua kwa miaka mingi. Barua hizo zimehifadhiwa, na ndizo zinazowawezesha wanahistoria kumjua kwa karibu kuliko wasimamizi wengine wa zama zake.

Baada ya wiki chache katika shamba jingine alipelekwa Loolecondera. Palikuwa msituni kabisa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kusimamia ukataji wa miti mikubwa, kuichoma, kupanda miche ya kahawa kwenye majivu yake na kuchonga njia kwenye miteremko ambayo hata mbuzi angeikanyaga kwa tahadhari.

Kabla ya kuendelea, ni vyema tueleze msitu huo ulikuwa wa nani. Waingereza waliuteka ufalme wa Kandy mwaka 1815. Mwaka 1840 walitunga sheria iliyosema kwamba ardhi ya msitu na ile isiyolimwa ni mali ya Malkia, isipokuwa mwananchi aweze kuthibitisha kuwa ni yake. Wanakijiji wa milimani, ambao tangu enzi za mababu walichunga mifugo, kukata kuni na kulima kwa zamu katika misitu hiyo, hawakuwa na karatasi za kuonyesha. Ardhi ikauzwa kwa bei ya chini, mwanzoni shilingi tano za Kiingereza kwa ekari, na miongoni mwa wanunuzi walikuwamo maafisa wa serikali wenyewe. Wasomaji wa Kenya hawahitaji kuelezwa zaidi jinsi utaratibu wa aina hii unavyofanya kazi. Kahawa ya Ceylon ilisimama juu ya sheria hiyo, na chai ikairithi.

Mbegu za kando ya barabara

Si kweli kwamba Taylor ndiye aliyeleta chai Ceylon, ingawa hudaiwa hivyo mara nyingi. Mche wa chai kutoka China ulipandwa katika bustani ya mimea ya Peradeniya, nje kidogo ya Kandy, mwaka 1824. Mwaka 1839 zikafika mbegu kutoka Assam, India. Miaka michache baadaye Maurice Worms, wa familia iliyokuwa na shamba kubwa la kahawa huko Pussellawa, alileta miche kutoka China na kutengeneza chai kidogo, lakini ikaonekana gharama yake haina maana mbele ya faida ya kahawa. Kwa hiyo mmea ulikuwepo zaidi ya miaka 40 bila kumshughulisha mtu. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa nao hadi ajue tabia zake.

Taylor alikuwa mtu wa namna hiyo. Katika miaka ya 1860 alianza na mti wa sinkona, ambao gome lake hutoa kwinini, dawa ya malaria. Serikali ilikuwa imeanzisha bustani ya Hakgala mwaka 1861 kwa ajili ya mti huo, na Taylor alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuupanda shambani kwa biashara na kufanikiwa. Jiwe la kaburi lake linaitaja sinkona pamoja na chai. Mafanikio hayo ndiyo yaliyowafanya wakuu wake wamwamini katika jaribio lililofuata.

Mwaka 1866 alichukua mbegu za chai Peradeniya na kuzipanda kando ya barabara za shamba. Kisha wenye shamba wakaagiza mbegu za aina ya Assam, ambazo huvumilia mvua na joto na hutoa majani mengi kuliko zile za China. Mwaka 1867 Taylor aliandaa kipande cha shamba namba 7, chenye ekari 19, na kukipanda mbegu hizo. Hilo ndilo shamba la kwanza la chai ya biashara lililodumu katika kisiwa hicho, na Sri Lanka huhesabu umri wa chai yake kuanzia mwaka huo. Wakati huo kahawa ilikuwa inastawi vizuri, na jirani yeyote aliyeona ekari 19 za ardhi njema zikipewa majani ya ajabu alikuwa na haki ya kucheka.

Kupanda ni jambo moja, kupata kinywaji ni jingine. Anayeishi Kericho, Nandi, Mufindi au Rungwe anajua kwamba jani likishachumwa saa zinaanza kuhesabiwa. Linatandazwa linyauke hadi liwe laini, kisha linasokotwa ili maji yake yatoke, linaachwa lipate hewa hadi ligeuke rangi ya shaba, na mwisho linakaushwa kwa moto. Ukikosea muda katika hatua moja, chai inakuwa chungu au inakosa harufu. Ceylon haikuwa na mtu wa kufundisha kazi hiyo. Taylor aliokota maarifa kwa wapita njia. Mkulima mmoja wa chai kutoka Cachar, India, aliyeitwa Noble, alimwonyesha jinsi ya kuchuma, kunyausha na kusokota kwa kutumia majani ya miche michache iliyokuwa karibu na nyumba.

Kiwanda kilikuwa baraza la nyumba yake. Majani yalisokotwa mezani kwa mikono, wafanyakazi wakiyasukuma kwa nguvu kuanzia kiganja hadi kiwiko. Yalikaushwa kwenye trei za waya juu ya majiko ya udongo yaliyowashwa mkaa. Taarifa za wakati huo zinakubaliana kwamba chai iliyotoka hapo ilikuwa nzuri, na watu wa Kandy wakaanza kuinunua. Kufikia mwaka 1872 Taylor alikuwa na jengo maalumu la chai lenye mashine ya kusokotea majani aliyoibuni mwenyewe, ikizungushwa na gurudumu la maji. Mtoto wa fundi wa magurudumu alikuwa ameufikisha ujuzi wa nyumbani kwao milimani Asia. Mwaka uliofuata zile ratili 23 zikafika London.

Mwaka 1874 alichukua likizo pekee inayojulikana katika miaka yake 40 ya kazi. Alikwenda Darjeeling, India, kutazama jinsi wenzake wanavyolima chai.

Kuvu iliyoua kahawa

Mwaka 1869, huko Madulsima, yalionekana madoa ya rangi ya machungwa chini ya majani ya kahawa, kama kutu kwenye bati. Mkurugenzi wa bustani ya Peradeniya, George Thwaites, alipeleka sampuli Uingereza, na wataalamu wakatambua kuwa ni kuvu ambayo haikuwa imepewa jina. Wakaiita Hemileia vastatrix, neno la pili likimaanisha kiharibifu. Hapa Afrika Mashariki tunao uhusiano na habari hii, kwa kuwa ugonjwa huo ulikuwa umeonekana mwaka 1861 kwenye kahawa mwitu ya ukanda wa Ziwa Victoria. Wakulima wetu wanaujua hadi leo kwa jina la kutu ya majani.

Kutu haiui mti siku hiyo hiyo. Majani hupukutika, mti hulazimika kuchipua upya, na kila mwaka hubakiwa na nguvu ndogo ya kuzaa. Hali hiyo iliwapumbaza wenye mashamba. Mavuno ya ekari moja yalikuwa yanashuka, lakini bei ya kahawa duniani katika miaka ya 1870 ilikuwa inapanda, basi wakafyeka misitu zaidi na kupanda kahawa zaidi. Kufikia mwishoni mwa muongo huo kahawa ilichukua zaidi ya ekari 270,000. Mwaka 1880 aliletwa mtaalamu kijana kutoka Uingereza, Harry Marshall Ward, ambaye alieleza kwa usahihi jinsi kuvu inavyosambazwa na upepo na kuota juu ya jani lililolowa. Tiba hakuwa nayo. Aliwaambia kwamba kupanda zao moja bila kukatiza, kilima hadi kilima, kumeipa kuvu hiyo chakula kisichokwisha.

Wengi walikimbilia sinkona, lakini gome likazalishwa kwa wingi kupita kiasi na bei ikaanguka. Mwaka 1884 Oriental Bank Corporation, iliyokuwa imekopesha sehemu kubwa ya mashamba, ilifilisika. Walioshindwa kulipa madeni walifungasha virago. Husimuliwa kwamba vigogo vya mibuni iliyokufa viling'olewa na kupelekwa Uingereza kutengenezwa miguu ya meza za chai.

Waliobaki walikwenda Loolecondera. Huko walikuta kipande cha shamba chenye miche ya zaidi ya miaka kumi, jengo la kusindikia na mtu aliyekuwa tayari kujibu maswali. Kwa maoni yetu huu ndio mchango wake mkubwa kuliko ratili zozote alizouza. Taylor alifanya makosa yote ya mwanzo wakati shamba lilikuwa bado lina kahawa ya kuyafidia, na alipohitajika hakuuficha ujuzi wake. Katika miaka ya 1880 kasi ya upandaji ilikuwa ya ajabu. Chai iliyotoka kisiwani mwaka 1880 ilikuwa tani 81. Julai 30, 1883 ulifanyika mnada wa kwanza wa chai mjini Colombo, ambao unaendelea hadi leo kama ule wa Mombasa. Reli, iliyofika Kandy mwaka 1867 kwa ajili ya kahawa, ilipandishwa hadi Nanu Oya mwaka 1885 na kukuta mabehewa yake yanajazwa chai.

Zao lisilo na msimu wa kulala

Tumesema mashamba yalibadili zao. Kwa wafanyakazi, mabadiliko yalikuwa makubwa kuliko kung'oa mti mmoja na kupanda mwingine, na hapa inabidi tutulie kidogo.

Kahawa huvunwa kwa miezi michache. Katika zama zake, wafanyakazi wa Kitamil walivuka kutoka kusini mwa India kwa mashua, wakashuka pwani ya Mannar, wakatembea siku nyingi katika nchi kavu yenye malaria na kipindupindu hadi milimani, wakavuna, kisha wengi wao wakarudi makwao kwa kilimo cha mpunga. Njia hiyo ilijaa makaburi. Lakini aliyefika salama alikuwa na kijiji chake cha kurudia.

Chai haina msimu wa kulala. Mchipukizi ukichumwa leo, kwa wiki moja hivi mwingine uko tayari, na hivyo hivyo mwaka mzima. Kwa hiyo shamba la chai linataka mtu anayekaa. Linataka pia wanawake, ambao ndio waliopewa kazi ya kuchuma, na ambapo kuna mwanamke na mume wake patakuwa na watoto. Familia zikapangwa katika nyumba za safu, chumba kimoja kimoja kama mabehewa, ambazo kule huitwa laini kama zinavyoitwa katika mashamba mengi ya Kenya. Aliyewaleta alikuwa nyapara wao, kwa Kitamil kangani, mara nyingi mtu wa ukoo au kijiji chao. Yeye aliwalipia nauli na chakula cha njiani, na siku walipofika tayari walikuwa na deni kwake. Deni hilo liliandikwa kwenye karatasi iliyoitwa tundu. Mfanyakazi hakuweza kuhamia shamba jingine mpaka mwajiri mpya akubali kulilipa. Karatasi hiyo ilifutwa mwaka 1921. Wazee wa Tanga wanaokumbuka habari za manamba wa mkonge watauelewa mfumo huu bila kuonyeshwa picha.

Taylor alikuwa ndani ya mfumo huo, si pembeni yake. Alijifunza Kitamil, aliishi na watu wake kwa miongo minne, na inasemekana walimwita Sami Dorai, yaani bwana aliye kama mungu. Waandishi wengi wa habari zake hulitaja jina hilo kwa fahari. Sisi tungeongeza tu kwamba mtu anayeshika mshahara wako, nyumba yako na ruhusa yako ya kuondoka hupewa majina makubwa kwa mapenzi au kwa hofu, na pengine kwa yote mawili. Lililo wazi ni kwamba Loolecondera hakukuwa na chai bila mikono iliyosokota majani barazani, na katika barua na ripoti zinazomtaja yeye kwa jina, wenye mikono hiyo huhesabiwa kwa idadi.

Likizo aliyoikataa

Mwaka 1890 Thomas Lipton, mfanyabiashara wa vyakula aliyezaliwa Glasgow, alifika Ceylon na kununua mashamba. Mali yake ilikuwa maduka mamia huko Uingereza, na akili yake ilikuwa ya biashara: alitaka chai itoke shambani hadi kwenye duka lake bila kupitia kwa madalali, ipimwe na kufungwa kwenye pakiti ndogo zenye jina lake, ili mke wa mfanyakazi wa kiwandani aweze kuinunua kwa senti zake.  Hatusemi Lipton alivuna asichopanda, kwa sababu soko nalo ni kazi. Lakini alifika wakati swali la kama chai inaweza kustawi Ceylon lilikuwa limeshajibiwa na mtu mwingine.

Mtu huyo alikuwa bado Loolecondera. Mwili wake ulikuwa mkubwa, zaidi ya kilo 110, ndevu zimemfika kifuani, na hakuwa ameoa. Mwaka 1891 chama cha wenye mashamba kilimpa zawadi ya vyombo vya fedha vya chai kutambua kazi yake. Ni heshima njema, ingawa mtu wa umri wake pengine angependa pia sehemu ya shamba.

Mwaka uliofuata mambo yakageuka. Shamba lilikuwa mikononi mwa kampuni iliyotazama vitabu vya hesabu kutoka mbali, na mtaji wa kizazi kipya ulitaka mashamba makubwa na wasimamizi wa bei nafuu. Taylor aliagizwa aende likizo ya miezi sita. Alikataa, akisema si mgonjwa. Kwa kukataa huko akatakiwa aache kazi. Alikuwa amekaa hapo miaka 40, hana mke, hana nyumba yake Scotland wala Ceylon, na kila mti uliokuwa mbele ya macho yake aliusimamia kuanzia mbegu.

Hakuondoka. Wakati mgogoro huo haujaisha alishikwa na ugonjwa wa kuhara, na Mei 2, 1892 akafariki katika nyumba yake shambani, akiwa na umri wa miaka 57.

Maiti yake ilibebwa kwa miguu hadi Kandy, umbali wa kilomita zipatazo 30 kwa njia ya milimani. Kwa uzito wake walihitajika wanaume 24, makundi mawili ya watu 12, wakipokezana njiani. Manyapara na wafanyakazi wa shamba walitembea nyuma ya jeneza. Alizikwa katika makaburi ya Mahaiyawa, na jiwe lililowekwa juu yake linamtaja kuwa mwanzilishi wa kilimo cha chai na sinkona katika kisiwa hicho.

Watoto wa laini

Wajukuu wa wale waliolibeba jeneza waliendelea kuchuma. Ceylon ilipopata uhuru Februari 1948, chai ndiyo iliyokuwa ikiiletea nchi sehemu kubwa ya fedha za kigeni. Mwaka huo huo bunge jipya lilipitisha sheria ya uraia iliyomtaka mtu athibitishe kwamba baba yake, au babu yake pamoja na babu wa baba, alizaliwa kisiwani. Mtu aliyezaliwa kwenye laini, wa ukoo ulioletwa na kangani, angetoa wapi vyeti hivyo? Kwa mara nyingine katika milima ile ile, watu walidaiwa karatasi ambazo hawakuwahi kupewa. Mamia ya maelfu wakawa hawana nchi, na wakaondolewa pia katika haki ya kupiga kura.

Mwaka 1964 mawaziri wakuu wa Ceylon na India, Sirimavo Bandaranaike na Lal Bahadur Shastri, walikubaliana kugawana watu hao: 525,000 wachukuliwe na India, 300,000 wapewe uraia wa Ceylon, waliobaki wajadiliwe baadaye. Wachumaji wenyewe hawakuulizwa. Wengi walipandishwa meli kwenda nchi ambayo hawakuwahi kuiona, ilhali mashamba yaliendelea kuhitaji mikono. Katika miaka ya 1970 serikali iliyataifisha mashamba makubwa, na mwaka 1992, miaka 100 kamili tangu Taylor afariki, uendeshaji wa mengi yake ukakabidhiwa kwa kampuni binafsi. Suala la uraia lilipata ufumbuzi wa kisheria mwaka 2003 tu, bunge lilipowapa uraia waliokuwa wamebaki bila nchi.

Suala la mshahara bado lipo. Kwa miaka kadhaa wafanyakazi wa mashamba waligoma na kuandamana wakidai rupia 1,000 kwa siku, na ilikuwa mwaka 2021 ndipo bodi ya mishahara ilipokiweka kiwango hicho. Kampuni zinasema chai ya Sri Lanka, inayochumwa kwa mkono, ina gharama kubwa kuliko ya washindani wake, na mshindani anayetajwa kwanza kila mara ni Kenya. Hoja hiyo wachumaji wa Kericho na Bomet nao wameisikia, ila wao huambiwa tishio ni mashine.

Mwaka 2017 Sri Lanka iliadhimisha miaka 150 ya chai yake, ikihesabu kutoka ekari zile 19. Loolecondera bado ni shamba la chai. Mgeni anayepanda huko huonyeshwa bomba la moshi lililobaki kwenye nyumba ya Taylor, na kiti cha jiwe ukingoni mwa mlima ambako inasemekana alipenda kukaa jioni akitazama bonde. Kipande namba 7 kipo, na baadhi ya miti ya wakati wake bado inachumwa na wanawake wenye mifuko mgongoni, kila baada ya wiki moja hivi.